Vidole Sita Kwenye Unga

Mie sipulizi dawa. Anayetaka sumu akatafute wengine. Mie naziba matundu, natega mitego, nawasema watu wanaolaza vyombo vichafu. Na kwa Khulud, kule Mwananyamala, dawa isingewezekana kabisa. Mwanawe Nusaiba, mwaka na nusu, ana pumu. Daktari alishamwambia: ukipuliza tena humo chumbani, mtoto huyu utamzika.

Jioni ile nilirudi kusoma unga. Ndiyo kazi yangu ilivyo: namwaga sembe sakafuni, kesho yake nyayo zinanionyesha panya anatokea wapi.

Bibi Mwanabaraka, mwenye nyumba, alikuwa kaketi barazani. Nikampa shikamoo yake. Akatema mate pembeni.

"Fundi gani wewe, unalisha panya sembe? Piga dawa au ondoka kwangu!"

"Nitaondoka nikimaliza, bibi." Mdomo wangu nao haujui kunyamaza.

Chumbani, Nusaiba alikuwa kalala ndani ya neti, kifua kinapiga filimbi. Hiii... hiii... Nikasogeza kabati. Nyuma yake, chini ya ukuta, kuna tundu la kupitisha ngumi. Nikawasha tochi, nikamulika unga.

Panya hakuna.

Kulikuwa na nyayo za mtoto mdogo. Zimetoka tunduni, zimekwenda mpaka hatua moja kabla ya kitanda, zikageuka, zikarudi tunduni. Nikahesabu vidole. Sita. Nikahesabu tena, sita.

"Mama Nusaiba, mwanao anatembea?"

"Bado, dada Rosalia. Hata kusimama hajasimama, kifua hakimpi nguvu." Adhana ya magharibi ikaanza, akavaa kandambili akaenda uani kutawadha.

Nilitaka kukimbia, nisiseme uongo. Lakini nitamwambia nini yule bibi? Nikachuchumaa, mgongo kwenye kitanda, nikakoroga saruji haraka haraka.

"Hodi..."

Kasauti kembamba.

"Karibu, pita," nikaitikia, macho kwenye ndoo. Mie kwetu Masasi, mtu akipiga hodi ukamkalia kimya, unaitwa mchawi.

Mlangoni hakuingia mtu. Harufu ya udongo mbichi ikanipita usoni. Tap... tap... tap...

Filimbi ya kifua ikakatika.

Nikageuka. Mtoto kalala, anapumua vizuri. Nikamshukuru Mungu, nikasukuma wavu wa waya tunduni, nikapiga saruji juu yake, nikalainisha kwa mwiko.

"Nani kaitikia hodi humu?" Bibi Mwanabaraka alikuwa mlangoni, kanga imemdondoka kichwani.

"Mie."

"Ulimwona anayebisha?"

Nikatikisa kichwa.

"Mjinga mkubwa wewe! Miaka yote kanabisha, hatukaitikii. Kasipokaribishwa, hakakifikii kitanda!"

"Ni nini hako?"

"Usiniulize! Unadhani dawa nilitaka ya panya? Nilitaka huyu mama ahame na mwanawe!"

Neti ikafunuka. Nusaiba akashuka kitandani. Akasimama. Akatembea.

Khulud alikuwa kasharudi, maji ya udhu yanamchuruzika usoni. Akapiga kigelegele. "Mwanangu anatembea! Jamani, msikieni anavyopumua!" Akamnyanyua, akamkumbatia, analia.

Mie niliangalia chini. Nyayo mpya, kutoka kitandani mpaka kwa mama yake.

Vidole sita.

Halafu tukasikia. Ukutani. Nyuma ya saruji mbichi.

Hiii... hiii...

Nikadaka tindo na nyundo. Khulud akanishika mkono.

"Unafanya nini?"

"Mwanao yumo humu! Sikia!"

Akasikia. Nilimwona anavyosikia, uso wote ulimbadilika. Mama gani asiijue pumzi ya mwanawe? Mwaka na nusu amekesha akiihesabu. Akautazama ukuta, akakatazama kale alikokapakata, kifua kinapanda na kushuka bila sauti yoyote. Mkono wake ukanibana zaidi.

"Dada, acha," akaninong'oneza. "Huyu anapumua."

Bibi Mwanabaraka akafunika uso kwa kanga, akatoka.

Sikufichi, nguvu za kumsukuma Khulud nilikuwa nazo. Sikumsukuma. Niliogopa kale katoto, kalikuwa kananitazama mie tu. Nilisimama pale na tindo langu, saruji inakauka, mpaka kule ukutani kukawa kimya.