Mguu Wenye Nili

Placida alimkaba jamaa mlangoni mwa mkahawa wa Kiarabu, Edgware Road, akambana ukutani.

"Vua viatu!"

"Dada, mimi mpishi tu!"

"Vua!"

Jamaa akavua. Miguu yote miwili ilikuwa safi.

Lo! Kaingizwa chaka. Akabonyeza kidude sikioni.

"Si yeye, mzee."

"Basi taarifa ilikuwa mbovu," Telesphor, mkuu wake, akajibu. "Nenda Harrow. Usipoteze muda."

Soud ndiye hakuwa na muda. Kijana huyo, jasusi mwenzake kutoka Dodoma, alikuwa ametekwa asubuhi kwenye karakana ya kutia rangi kimono, majoho ya Kijapani, kule Croydon. Miezi mitatu alijifanya mwanafunzi pale, akiwanyemelea wafanya magendo wanaoficha meno ya tembo chini ya mavazi ya tamthilia ya Kijapani iitwayo Noh. Wakimvusha leo, hatapatikana tena akiwa hai.

Bibi Haruko, mwenye karakana, alirudi kutoka sokoni akakuta nyayo za buluu sakafuni. Za mguu mmoja. Mapipa yake ya nili, ile rangi ya buluu, yamefukiwa ardhini, midomo yake sawa na sakafu, kama walivyofanya babu zake. Wanafunzi wanajua pa kukanyaga. Mtekaji alikuja kama mgeni mstaarabu, akavua viatu mlangoni, akatumbukiza mguu mmoja hadi kifundo.

"Hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa maombi," Bibi Haruko alimwambia Placida.

Harrow? Placida hakwenda. Masanduku ya mavazi ya Noh yalikuwa yanaondoka kwenye ukumbi wa tamthilia mara tu onyesho la siku hiyo likiisha. Akawasha Yamaha yake, akaelekea huko.

Telesphor alikuwa ameshafika, amesimama kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa. Alishtuka kidogo, kisha akatabasamu.

"Nimekagua kote. Hamna kitu."

Huyu ndiye aliyemwingiza Placida kazini. Ndiye aliyemsimamia ndoa, akambebea mtoto siku ya ubatizo. Placida akapumua. Afadhali wako wawili.

"Na chumba cha kioo?"

Hicho ni chumba ambamo mwigizaji hukaa na kinyago chake kabla ya kutoka jukwaani. Mlangoni, mzee wa Kijapani aliinama, akawanyooshea jozi mbili za soksi nyeupe. Hakuna anayevuka pale na viatu, wala na soksi za barabarani.

Placida akavua, akavaa.

"Nenda wewe," Telesphor akasema. "Magoti yananisumbua."

Magoti? Mtu huyu siku zote hutangulia mlangoni, hata kwenye risasi.

Ndani ukumbini ngoma ililia mara moja, ikanyamaza.

"Vua kiatu, mzee."

"Placida, usinivunjie heshima."

"Nakuomba. Vua."

Mkono wa Telesphor ukaingia kotini. Bastola ya Glock ikachomoza. Placida alishamfikia; kalamu yake ya shoti ya umeme ikamgusa shingoni, akaanguka chali. Akamvua kiatu, kisha soksi.

Buluu. Hadi kifundo.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Ilimuuma Placida hadi machozi yakamlenga. Angekaa pale chini alie, isingekuwa Soud.

Akavamia chumba cha kioo. Sanduku la kwanza, mavazi. La pili, mavazi. La tatu lilikuwa zito. Akafukua hariri, na chini yake, juu ya meno ya tembo, Soud alikuwa amefungwa utepe wa gundi mdomoni, jasho likimtoka.

Alikuwa anahema.

"Dada... ni mzee," alisema alipofunguliwa.

"Najua, mdogo wangu. Nyamaza upumue."

Maofisa wa forodha walioitwa na Placida walipoingia, Telesphor alikuwa ameketi na pingu.

"Waliniahidi nyumba, Placida. Nimezeeka kwenye vyumba vya kupanga."

"Na Soud?"

"Wangemwachia."

"Muongo."

Akamtupia ile jozi ya pili ya soksi mapajani. "Vaa, mzee. Huko uendako kuna baridi."

Akamshika Soud bega, wakatoka. Sikioni, Dodoma ikamwita kwa jina lake la kazi.

"Kipanga, nani alituuza?"

Placida akavaa helmeti yake taratibu.

"Msimamizi wa ndoa yangu," akasema, akawasha pikipiki.