Nani Kasema Bibi Hajambo?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kupika uji wa mtama na kumgeuza bibi. Hiyo ya tatu niliichukia. Bibi Mwanaasha aliugua saratani, na madaktari walishasema haiponi. Nilipomshika kiuno ili alalie ubavu mwingine, aling'ata pindo la kanga yake asipige kelele. Mimi nilifumba macho, kisha nikabeba madaftari yangu na kwenda shule hapo kwetu Kiranjeranje.

Njiani watu waliniuliza, "Umi, bibi anaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, hajambo."

Hivyo ndivyo alivyonifundisha mjomba Bashiru, tuliyekuwa tukiishi naye. Kwake yeye, kutangaza maumivu ya mgonjwa ni kumnung'unikia Mungu. Hata Nesi Scholastica wa zahanati, aliyepita na pikipiki kila Jumatano, alipewa jibu hilohilo uani. Mjomba alimwambia kwamba mama yake, yaani bibi, amelala. Nesi aliandika kwenye daftari lake, akaenda zake.

Muhula huo Mwalimu Theresia alitupa sisi wa darasa la saba mada ya mdahalo: mgonjwa asiyepona awe na haki, kisheria, ya kuomba daktari amsaidie kufa. Alitueleza kwamba nchini kwetu sheria hairuhusu, ila zipo nchi zinazoruhusu. Niliwekwa upande wa kupinga. Nikakimbia nyumbani kumweleza bibi, nikijua atanipa maneno ya kuwamaliza wenzangu.

"Mimi ningekuwa upande wa wale wengine," alisema.

"Bibi! Astaghfirullahi!"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi. Nimechoka, Umi. Maumivu haya hayanipi nafasi hata ya kuswali. Umekuja kutafuta maneno ya mdahalo. Umewahi kuniuliza nalalaje?"

Nilitoka nje, nikajifanya nafukuza kuku waliokuwa wakila ufuta tulioanika.

Siku ya mdahalo, Damiani wa upande wa pili alisema vizuri mno. Alisema mwili ni wa mgonjwa, na anayeujua uchungu wake ni yeye mwenyewe. Darasa likamshangilia. Nikaona tunashindwa hivihivi. Nikasimama.

"Mimi nina bibi mwenye saratani!" nilisema kwa sauti. "Hajatamani kufa hata siku moja. Hajambo, anacheka, anakula! Nani kati yenu atamwambia afe?"

Makofi! Tukashinda. Nami nikaenda nyuma ya darasa, nikalia mpaka kamasi zikanitiririka. Mwalimu Theresia alinikuta huko, nikamweleza yote.

"Wanaounga mkono wana hoja, na wanaopinga wana hoja," alisema. "Watu wazima wenye akili zao wanabishana juu ya jambo hili. Lakini wewe hukubishana, umedanganya. Nesi anajua kwamba bibi anaumia?"

"Anaambiwa hajambo."

"Basi atampaje dawa?"

Swali hilo lilinichoma. Jumatano iliyofuata sikwenda kuchota maji. Nilisimama uani nikaisubiri pikipiki.

"Hajambo, tunamshukuru Mungu," mjomba alianza. "Amelala."

"Si kweli!" nilisema.

"Umi! Adabu yako iko wapi?"

"Nichape, mjomba, lakini sinyamazi! Bibi halali. Anang'ata kanga mpaka imetoboka. Nani kasema hajambo?"

Mjomba aliinua mkono. Kabla hajanifikia, sauti ya bibi ilitoka ndani.

"Bashiru! Mguse uone! Miezi mitatu umenisemea, sasa basi. Nesi, ingia!"

Nesi Scholastica aliingia. Alipotoka alikuwa amekasirika kweli. "Miezi mitatu naandika anaendelea vizuri!" alimwambia mjomba. "Ipo dawa ya maumivu makali kama haya. Lakini nani atamwandikia dawa mtu anayeambiwa hajambo?" Akampigia daktari simu palepale. Mjomba aliinamisha kichwa, akasema alidhani anamstahi mama yake. Nilimwonea huruma, lakini sikujuta hata kidogo.

Dawa ililetwa Ijumaa kutoka hospitali. Haikuponya saratani. Ila Jumapili nilipomgeuza bibi hakung'ata kitu. Alilalamika tu kwamba mikono yangu ni ya baridi.

Jumatatu nilikiri uwongo wangu mbele ya darasa. Baadhi walinizomea, nami nikawaacha wazomee. Damiani akauliza, "Kwa hiyo bibi yako anataka kufa au hataki?"

"Kamuulize. Mdomo anao."

Kweli jioni akaja, yeye na wenzetu watano. Walimwamkia bibi shikamoo, kisha wakabaki mlangoni wakisukumana nani aulize. Bibi akawawahi.

"Marahaba. Najua kilichowaleta. Wiki ile nilitaka kufa, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Leo nataka kisamvu cha nazi. Kesho sijui. Siku moja ninyi ndio mtakuwa madaktari na watunga sheria. Bishaneni mpaka mchoke, lakini kwanza ingieni ndani mkamsikilize mgonjwa, na atakachosema msikigeuze ili mshinde. Haya, ketini. Na mwache kunitazama kama maiti, bado sijafa."