Simu Iliyozikwa Lundo

Kila mwenye redio anaujua ule mlio. Simu iliyo karibu ikitaka kuita, redio hutangulia kukwaruza, ti-ti-tit, ti-ti-tit, ndipo simu inalia. Nyumbani kwa Bonifasia, pale Lundo, redio ilikwaruza hivyo kila siku saa kumi alasiri, na nyumba ile haikuwa na simu. Yake ilitumbukia ziwani wiki ya msiba. Ya marehemu mumewe, Clemence, tutafika huko.

Clemence alikuwa dereva wa fuso la kubeba usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa. Kila saa kumi, akishafika Kitai, alimpigia mkewe kumwambia, "Mama Ottilia, tumefika salama." Basi, hayo tu, na Bonifasia aliacha kila kazi kuyangoja. Siku ambayo simu haikulia, fuso lilikuwa limepinduka kwenye kona za milima ya Mbinga.

Redio ilianza kukwaruza siku arobaini baadaye, na binti yao wa miaka saba, Ottilia, akaanza kuumwa kichwa. Kiliuma redio ikianza na kupoa ikinyamaza. Zahanati walipima, malaria hakuna. Mtoto akakonda hadi sketi ya shule ikawa inamvuka. Nyuma ya nyumba palikuwa na mnara wa simu, na majirani hawakuhitaji daktari. Mionzi hiyo, walisema, inakula watoto. Bonifasia akaenda kulia ofisi ya kijiji mpaka akaletwa fundi mwenye kipimo cha mionzi, kijana mpole aitwaye Cleopa.

Cleopa alipima chumba hadi chumba, akamwonyesha namba. "Mama, mawimbi makubwa mno huupasha mwili joto, ndiyo maana yamewekewa kiwango. Haya ya hapa yako chini sana ya kiwango hicho. Sikatai kwamba mtoto anaumwa. Nasema si mnara."

Alikuwa anafunga begi ilipotimia saa kumi. Redio ikakwaruza, Ottilia akajishika kichwa, na namba za kipimo zikapanda. Cleopa akazifuata, hatua kwa hatua, mpaka nyuma ya jiko, akasimama mbele ya kaburi la Clemence. Hapo zilikuwa juu kuliko chini ya mnara. Alikizima kipimo, akaaga bila kugusa uji aliotengewa.

Ndipo akaitwa Mzee Masoudi, muuza vitenge wa Mbamba Bay, ambaye babu zake walitoka pwani na kitabu chao cha kuombea wagonjwa. Bonifasia alimwamkia shikamoo na kumweleza yote, isipokuwa moja. Mzee alimsikiliza huku akinusa. Chumba kilinuka udongo mbichi na waya unaoungua.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema. "Mlimzika na nini?"

Bonifasia akalia, akasema. Kwao maiti haendi mikono mitupu. Mama mkwe aliweka kikombe chake, kaka mtu akaweka shuka. Yeye, walipogeuka, alisukuma chini ya shuka simu ya marehemu, ikiwa imewashwa, ili asiwe peke yake. Mapenzi nayo yana ujinga wake.

"Mumeo amepumzika," Mzee Masoudi alisema kwa sauti ya chini. "Jini amekuta mlango wazi, akajifunza sauti yake. Anatafuta mwili mdogo wa kukaa. Leo akiita, mkatae kwa kinywa chako. Na tangu leo usimwite tena mumeo, hata ukiwa peke yako. Ukimwita, umemkaribisha."

Walifukua wakiwa na ruhusa ya wazee, wakaitoa simu. Ilikuwa na joto kama chungu kilichotoka kuepuliwa. Saa kumi ilipofika, redio, ambayo tayari ilikwishatolewa betri, ikakwaruza, na Mzee akasoma huku ubani ukifuka, na harufu ya udongo ikaushinda ubani, na Ottilia akajikunja kitandani damu ikimtoka puani, na katikati ya mkwaruzo ikaja sauti ambayo Bonifasia angeijua hata usingizini, yenye uchovu wa barabara na kicheko kidogo mwishoni, ikisema, mama Ottilia, tumefika salama, mama Ottilia, mbona huitikii.

Bonifasia alimtazama mwanawe. "Sikujui," alisema. "Toka nyumbani kwangu."

Hakuwahi kusema neno lililomuuma vile. Redio ikanyamaza. Mzee alizivunja redio na simu kwa jiwe, na jioni ile Ottilia aliomba ugali.

Mwezi ukapita. Sketi ikamkaa tena mtoto, majirani wakaacha kuulaumu mnara. Ni Bonifasia tu aliyepungua. Saa kumi aliacha kila kazi akakaa kimya, akingoja kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekifukuza.

Alasiri moja Ottilia alikuwa amelala mkekani, mzima, jasho jembamba likimtoka. Midomo yake ikachezacheza.

Ti-ti-tit, alisema mtoto usingizini. Ti-ti-tit.

Bonifasia alijua la kufanya. Amwamshe, ambebe, akimbie Mbamba Bay. Alipiga magoti, akaweka mkono begani kwa mwanawe, na hakumtikisa. Aliinama taratibu mpaka sikio lake likagusa midomo ile, iliyonuka udongo mbichi.

"Haloo," alinong'ona. "Baba Ottilia?"