Siku Gari la Zahanati Lilipopimwa Nguvu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti yangu hufagia gereji, huokota nati zilizodondoka, kisha huchemsha chai yetu. Mama yake alifariki, tumebaki wawili. Watu humwita Sindano, kwa kuwa ni mwembamba na ulimi wake unachoma.

Siku hiyo ya mapumziko hatukufungua gereji. Tulilipeleka gari la zahanati kupimwa. Lilikuwa kuukuu, lakini ndilo pekee lililowavusha wagonjwa wa kwetu mlimani hadi hospitali kubwa. Wakubwa wa wilaya walikuwa wameamua kwamba lisipofikisha nguvu za farasi sitini, liondolewe barabarani. Jingine litatoka wapi? Hawakusema. Wao wana magari yenye viyoyozi, shida ya mlima wataijulia wapi? Mke wangu alifia nyumbani akisubiri gari, nami sikutaka mwingine afe hivyo. Injini ile niliifungua yote nikaifunga upya, Sindano akinishikia taa na kunisomea kitabu cha maelekezo, maana mimi shule niliiacha mapema.

Kwenye kituo cha kupimia magari, mpimaji aliyaweka magurudumu ya nyuma juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka, akalifunga gari kwa mikanda.

"Litakimbia bila kwenda popote," alimwambia Sindano. "Kioo kile kitachora mistari miwili. Mmoja ni nguvu za farasi. Wa pili ni torki, yaani nguvu ya kusokota magurudumu, ile inayopandisha gari mlima."

"Na huu waya?"

"Kipimajoto. Hewa ya moto huipunguzia injini nguvu. Mashine ikihisi joto huongeza namba kidogo, isije ikalionea gari."

Dereva wa zahanati akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma hadi mabati ya paa yakatetemeka. Kioo kikaandika: sitini na moja.

"Tumepita!" Dereva aliruka chini kama mtoto. "Wakubwa na wameze wembe!"

Mpimaji akageuka kutafuta mhuri wake. Sindano hakucheka. Alikuwa ameinama mbele ya gari.

"Baba, waya wa kipimajoto umeangukia injini. Mashine imedhani hewa ya humu ni ya moto kama injini, ikaongeza namba."

"Nyamaza, we mtoto!" dereva alinong'ona. "Utatuchomea!"

Sindano akanitazama mimi. Moyo wangu ulikuwa upande wa dereva. Wakubwa wametudanganya mara ngapi? Lakini macho yale hayakunipa pa kujificha.

"Mwambie," nikasema.

Mpimaji alisikiliza, akautundika waya penye hewa, akapima tena. Hamsini na saba. Torki nayo ikashuka.

"Haya, shangilieni sasa," dereva alisema.

Mimi nilinyong'onyea. Sindano hakuwa na muda wa kununa. Alilizunguka gari akisogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Kwenye la nyuma kushoto akaurudisha mkono haraka.

"Baba, hili linaunguza! Lile la kulia ni vuguvugu tu."

Breki ilikuwa imeng'ang'ania. Injini niliikagua nati kwa nati, kumbe nguvu yake ilikuwa inaliwa pale. Mpimaji akatuazima vifaa. Nilivua gurudumu, Sindano akasugua kutu iliyoigandisha kebo ya breki ya mkono, tukailainisha kwa grisi hadi ikateleza. Tukarudi kwenye mapipa.

Sitini na mbili!

"Breki hiyo ingewaka moto mlimani, na mgonjwa ndani," mpimaji alimwambia dereva huku akigonga mhuri.

Dereva alivua kofia, akamfungulia Sindano mlango wa mbele. "Panda, bosi. Mzee wako atakaa nyuma na machela."

Nilikaa nyuma, na sijawahi kukaa mahali kwa fahari kama pale.

"Mwanangu," nilimwambia njiani, "wapo wakubwa wanaoishi kwa namba za uongo. Wewe usiwaige. Namba ya uongo ingetupatia mhuri, lakini haipandishi gari mlima. Ulisema kweli, ndiyo maana tukaujua ubovu, kisha ukachafua mikono kuuondoa. Fanya hivyo siku zote."

"Sawa, baba."

Muuguzi alikuwa akitungoja mlangoni mwa zahanati. "Enhe, limetoa ngapi?"

"Sitini na mbili," nilimjibu, mkono wangu begani kwa binti yangu, "na zote ni za kweli."