Aliyenikinga Upepo

Jua lilikuwa linazama nilipoingia dukani kugongesha muhuri kwenye kadi yangu ya safari ya baiskeli. Kilomita mia tano na kumi nyuma yangu, tisini mbele. Mwisho wa muda, saa sita usiku. Mara mbili nilishaishia njiani, nikarudishwa nyuma ya pikapu kama gunia la mkaa. Safari hii niliapa: nitamaliza, hata kwa kutambaa. Mimi ni fundi cherehani, miaka arobaini na saba, na kitambi kiko palepale. Ukaidi ndio mtaji wangu.

"Huko mbele upepo mkali," mwenye duka alisema akigonga muhuri. "Na sheria unaijua. Kila mtu na upepo wake."

Naijua. Kwenye safari hizi ni marufuku kujibanza nyuma ya mwenzako ili akukinge upepo, akuvute kama tunavyosema.

Giza lilinikuta kwenye barabara tupu. Upepo ulinisukuma kifuani. Magoti yaliwaka moto. Nikalia, sioni haya kusema.

Ndipo akanipita.

Mtu mrefu, baiskeli nyeusi, bila taa. Harufu ya majani yaliyooza... Hakugeuka.

"Kaa nyuma yangu," alinong'ona.

Upepo ule wote, na bado nilimsikia kama yuko sikioni.

Nikajibanza. Mwenye njaa hana miiko. Upepo ukakatika papo hapo. Tulikwenda hivyo kwa muda wa saa mbili, na sikumsikia akihema hata mara moja. Miguu yake ilizunguka, lakini mnyororo... haukulia.

Zilipobaki kilomita ishirini, akasogea pembeni.

"Mimi nilivutwa, nami nimekuvuta. Zamu yako."

Nikatangulia. Marufuku au la, ndiyo adabu yetu waendesha baiskeli: ukikingwa, nawe ukinge. Ghafla baiskeli ikawa nzito, kana kwamba nimepakia mtu. Shingoni nikahisi pumzi.

Ya baridi.

Nilimaliza zikiwa zimebaki dakika nne. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ananisubiri na blanketi. Akanikumbatia huku anacheka, kisha akaniachia.

"Shemeji, mdomo umefumba... mbona nasikia unahema?"

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Imetimia miezi mitatu sasa. Daktari kapima moyo, kapima mapafu, anasema mimi ni chuma. Lakini sijalala usiku hata mmoja. Nikilalia kushoto, pumzi ipo. Nikilalia kulia, ipo. Mke wangu kahamia chumba cha watoto. Naogopa, na nimechoka mpaka kwenye mifupa. Na kila alfajiri pumzi ile inaninong'oneza: "Vuta mwingine, upumzike."

Jana shemeji kaja na baiskeli mpya. Kainunua kwa sababu yangu, anataka kujaribu kilomita mia zake za kwanza. Ana mapacha wa miezi mitano. Ni mtu mwema kuliko mimi.

"Ila upepo unanitisha, shemeji. Kesho nikae nyuma yako?"

Nilipaswa kukataa. Lakini alipouliza tu, kwa mara ya kwanza tangu usiku ule, shingo yangu ikawa na joto.

"Njoo," nikamwambia. "Saa kumi na moja alfajiri. Usichelewe."