Mzinga Nambari Saba

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Igoki alipita kando ya ua wa mizinga akiwa na daftari kwapani. Mbele ya kila mzinga alisimama, akatega sikio, kisha akaandika "Wamo" au "Hawamo." Mizinga ilikuwa ishirini na minne, imening'inizwa kwenye waya mrefu uliotenganisha mashamba ya ndengu na vichaka vya hifadhi ya wanyama. Ndovu akisukuma waya ili aingie shambani, mizinga hutikisika, nyuki wakatoka kumfunza adabu.

Kule Mbeere, Embu ya chini, ndovu si wa kuchezea. Mwaka uliotangulia alikuja mmoja mkubwa hata kivuli chake kilifika shambani saa nne asubuhi, mwenyewe akafika saa nane. Alimaliza ndengu zote za Cucu Nelius, nyanya yake Igoki, kisha akala na magunia yaliyowekwa tayari kuzitilia. Wanaume walianza kunoa mikuki na kuulizana habari za sumu. Ndipo shirika la Ndovu na Jirani lilipokuja na shauri jingine. Asali ingekuwa ya kikundi cha kina mama, ndengu zingebaki shambani, na ndovu angebaki na uhai wake.

Bwana Njagi, fundi wa nyuki wa shirika hilo, alimpa kila mtoto wa klabu ya mazingira mzinga wake wa kutunza. Igoki alipata nambari saba, ulioelekea shamba la Cucu. Na kwa kuwa mwandiko wake ulishinda wote katika darasa la sita, alikabidhiwa pia daftari la mizinga yote.

Nyuki waliingia kwanza kwa Kithaka, binamu yake. Kufikia mwezi wa pili mizinga ishirini na mitatu ilikuwa ikivuma kama kwaya ya kanisa. Nambari saba ulikuwa kimya.

"Nyuki wanamjua mtu mkali," Kithaka alimtania. "Wamekuona wewe, wakatoroka hadi Meru."

"Nyamaza! Wako njiani."

"Njiani? Basi wanakuja kwa miguu!"

Igoki alijua sababu. Siku alipopewa mzinga huo, aliuosha. Nyumbani kwa Cucu mgeni hakaribishwi penye uchafu. Ugeni ukitangazwa, hata kuku hujificha wasije wakasuguliwa. Basi Igoki, akitarajia wageni elfu kadhaa, alikwangua nta yote ambayo Bwana Njagi alikuwa amepaka ndani, akasugua kwa sabuni ya unga mpaka mzinga ukanukia kama kanzu ya mchungaji. Baadaye alipofunzwa kwamba nyuki huvutwa na harufu ya nta, aliona haya kusema. Na siku Kithaka alipomcheka mbele ya darasa zima, alifungua daftari akaandika, kwa mwandiko ule ule mzuri: "Saba. Wamo."

Jumamosi moja Bwana Njagi aliwasili kwa pikipiki. Nyuma alikuwa amefunga mzinga uliozibwa mlango, na ndani yake nyuki walinguruma. Kina mama wa kikundi walikusanyika, naye akalisoma daftari.

"Ishirini na minne, na yote ina nyuki! Sijawahi kuona ua kama huu. Mpigieni Igoki makofi!"

Makofi yakalia, na vigelegele juu yake.

"Kundi hili la nyuki nilikuwa nimewaletea ninyi," akaendelea, "maana askari wa hifadhi wamenipigia simu. Ndovu tisa wamefika mtoni. Lakini kwa vile hamna pengo, nawapelekea wenzenu wa ng'ambo ya mto."

Akawasha pikipiki. Igoki alitazama shamba la Cucu. Maganda ya ndengu yalikuwa yameanza kuwa meusi. Juma moja tu, yavunwe. Karo ya dada yake ilikuwa pale, na chakula chao, na mbegu za mwaka ujao. Makofi bado yalikuwa yakimlia masikioni.

"Bwana Njagi, ngoja!" alipaza sauti. "Nambari saba hauna kitu. Nilidanganya."

Pikipiki ikazimwa. Watu wote wakamgeukia.

"Kwa nini nyuki hawakuingia?" Bwana Njagi aliuliza.

"Niliuosha."

"Kwa maji?"

"Kwa sabuni. Ya unga."

Kithaka alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, na wengine wakamfuata. Cucu Nelius hakucheka.

"Mnacheka nini?" aliuliza. "Mtoto amepigiwa makofi sasa hivi, naye ameyarudisha mwenyewe. Nani hapa amewahi kurudisha makofi?"

Bwana Njagi akaanza kufungua kamba za mzinga.

"Wa ng'ambo nitawaomba wasubiri juma moja," Bwana Njagi alisema. "Igoki, daftari utabaki nalo. Ila mwezi huu wote, Kithaka atasikiliza mizinga pamoja nawe."

Jioni, jua lilipopoa, mzinga wenye nyuki ulitundikwa mahali pa ule uliooshwa, ukazibuliwa mlango.

Jumanne asubuhi Igoki na Cucu walikuta nyayo pana kama nyungo. Zilitoka mtoni moja kwa moja hadi nambari saba. Hapo udongo ulikuwa umevurugwa vibaya, kisha nyayo zikageuka na kurudi hifadhini mbio. Wako wanaoapa kwamba ndovu mmoja hakusimama hadi kwenye theluji ya Mlima Kenya, akaketi juu yake kupoza maumivu. Lililo hakika ni kwamba hakuna hata ganda moja la ndengu lililoguswa, wala ndovu aliyechomwa mkuki.

"Huu ndio ungekuwa mlango wao wa kuingilia," Cucu alisema. "Ndovu hasomi daftari, mjukuu wangu. Yeye husukuma waya, akajua kama tulisema kweli. Kazi ya watu wengi ni hivyo: mmoja akificha pengo lake, wote hulala njaa. Wewe ulificha, ukakosa. Lakini ulisema mapema, ndengu zingali shambani, na kulisema kosa lako mbele ya watu kunataka moyo kuliko kukabili ndovu tisa. Najivunia wewe. Sasa inua kichwa, kawaite wenzako waje waone kazi yao."

Igoki akainua kichwa, akakimbia kuwaita. Alianza na Kithaka.