Mvua Iliyofunikwa na Nyota

Kila siku baada ya vipindi, Evarista alifagia chumba cha kompyuta cha shule yao huko Mkonze, pembezoni mwa Dodoma. Vumbi liliingia kila mahali, hata katikati ya vitufe. Akimaliza, alikaa kwenye kompyuta iliyo karibu na dirisha na kuendelea kutengeneza mvua.

Ilikuwa mvua ya taa. Bwana Jayant, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, alikuwa ameiazima shule nyaya ndefu zenye taa ndogo ndogo ambazo familia yake huziwasha wakati wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Nyaya hizo zilitandazwa kwenye ukuta wa nje wa ukumbi, unaotazama uwanja, kwa ajili ya sherehe ya Krismasi na kufunga shule. Kwa kutumia programu ya kompyuta, kila taa iliweza kuamriwa iwake lini na kwa rangi gani.

Mwalimu Tahira, aliyefundisha kompyuta, aliwapa kazi hiyo wanafunzi wawili wa darasa la sita. Evarista alitengeneza matone ya buluu yanayoshuka juu ya shamba la mtama. Mwenzake Obedi alitengeneza nyota inayokua mpaka inajaza ukuta. Kila picha ilikuwa na tabaka lake ndani ya programu, na matabaka hayo yalipangwa moja juu ya jingine ili yaonekane pamoja.

Jioni ya majaribio, wanafunzi wengi walibaki uwanjani kutazama. Bibi yake Evarista, aliyekuja kutoka Kibakwe kumsalimia, aliletewa kiti mbele.

"Mvua yako iko wapi, mjukuu wangu?" aliuliza taa zilipowaka.

"Subiri, bibi. Inakuja."

Nyota ilitokea, ikakua, ikajaza ukuta wote kwa mwanga mweupe. Watoto wakapiga makofi. Kisha taa zikazimika. Hakuna tone hata moja lililoonekana.

Jana yake Evarista alikuwa amerudi nyumbani mapema, akamwacha Obedi peke yake kwenye kompyuta. Alimwendea mbele ya wote.

"Umefuta mvua yangu," alisema. "Uliona ni nzuri kuliko nyota yako, ukaifuta. Wewe ni mharibifu na una wivu."

"Sijafuta kitu," Obedi alijibu.

"Basi ilikwenda wapi? Ilikauka?"

Wanafunzi wakacheka. Mmoja wao akaanza kuita, "Mharibifu! Mharibifu!" na wengine wakamfuata. Obedi alichukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake hakuja shuleni. Evarista aliona huo ni ushahidi tosha, akamweleza Mwalimu Tahira yote kwa hasira.

"Uliitazama programu kabla ya kusema?" mwalimu aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Lakini kila mtu aliona."

"Kila mtu aliona ukuta. Njoo tuitazame kompyuta."

Mwalimu alifungua kazi yao. Chini ya tabaka la nyota palikuwa na tabaka la mvua, zima kama Evarista alivyoliacha. Obedi alikuwa ameipandisha nyota juu na kuchagua njia ya kufunika. Kwa njia hiyo, tabaka la juu huficha kila kilicho chini yake.

Evarista aliisogelea skrini, akayaona matone yake yote. Kisha hasira ikamrudia. "Lakini aligusa kazi yetu bila kuniambia!"

"Ni kweli, na hilo nitamwambia. Lakini wewe ulisema amefuta. Alifuta?"

"Hapana, Mwalimu."

Jioni hiyo Evarista alikwenda nyumbani kwao Obedi. Alimkuta mama yake akipepeta uwele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu bila kutabasamu, akamwonyesha zizi la mbuzi nyuma ya nyumba.

Obedi alikuwa akimimina maji kwenye beseni. Hakugeuka.

"Nimeiona mvua," Evarista alisema. "Ipo. Nisamehe."

"Nilipandisha nyota kwa sababu ilipotelea ndani ya mvua yako. Sikujua ingeficha kila kitu." Obedi aliweka ndoo chini, macho yake yakiwa mekundu. "Ungeniuliza ningekuambia. Lakini umeniita mharibifu mbele ya shule nzima. Leo mdogo wangu amerudi analia, wamemwita mdogo wa mharibifu. Halafu unakuja kuniomba msamaha huku, mbuzi ndio wanaosikia?"

Evarista aliinama kuishika ile ndoo ili amsaidie.

"Uliyasema uwanjani," Obedi alisema. "Kayarekebishe uwanjani."

Asubuhi iliyofuata, wakati wa mstari uwanjani, Evarista aliomba ruhusa kwa Mwalimu Tahira, akasimama mbele. "Nilisema Obedi amefuta mvua yangu. Hakufuta. Nilimsingizia kabla ya kutazama. Anayemwita mharibifu anarudia uongo wangu."

Mchana walikaa tena pamoja. Walipojaribu njia ya kujumlisha mwanga, ukuta wote ukawa mweupe. Obedi alipunguza nguvu ya nyota, Evarista akakoleza buluu ya matone, kisha wakachagua njia ya kuchanganya, inayoyaonyesha matabaka yote mawili. Safari hii kila aliyetaka kubadilisha kitu alimuuliza mwenzake kwanza.

Siku ya sherehe, matone yaliteremka juu ya mtama huku nyota ikikua nyuma yake, na kila tone lilipopita mbele ya nyota liling'aa. Bibi alishika mkono wa Evarista, akatazama mpaka tone la mwisho.

Baadaye Mwalimu Tahira aliwaita wote wawili pembeni.

"Obedi, kazi ya watu wawili haibadilishwi na mmoja kimya kimya. Kama ungesema mapema, haya yasingetokea."

"Ndiyo, Mwalimu. Evarista, nisamehe kwa hilo."

"Na wewe, Evarista, ulikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu kazi yako haikuonekana. Lakini hasira haikukupa haki ya kusema usilolijua. Kurekebisha taa kumewachukua mchana mmoja. Jina la mtu halirekebishwi haraka hivyo. Bado wapo watakaomwita mharibifu, hata mwakani. Wakimwita, usimwachie Obedi kazi ya kujitetea. Uwe wewe wa kwanza kuwakatalia."

"Nitawakatalia, Mwalimu," Evarista alisema.